Kuta Zisizo na Kunguni

Mwezi uliopita nilikwenda Yamumbi kumzika Wambui kando ya mama yake, kama alivyokuwa ameomba. Nilifika mapema kuliko waombolezaji wengi, nikatembea kidogo nitafute mahali palipokuwa na dipu la zamani la kuogeshea ng'ombe, lakini sikupaona. Pale nilipokumbuka nyasi na ng'ombe sasa pana nyumba za mawe za kupangisha, mageti ya chuma na duka la saruji. Kijana mmoja aliyekuwa akipanga viti aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta shimo. Alinitazama kwa ile heshima ambayo vijana huwapa wazee walioanza kusahau, akaniletea kiti. Baadaye mhubiri alisema saa ya dada yetu ilikuwa imefika. Mimi sibishani na wahubiri kando ya kaburi. Lakini Wambui aliuawa na saratani ya kibofu cha mkojo, na hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake, na watoto wake walikuwa wakiniuliza kwa macho jambo lile lile ambalo mama yao aliniuliza kwa mdomo akiwa wodini: "Mwalimu, hii ni ile ya mama?" Nimefundisha sayansi karibu maisha yangu yote. Swali likitoka kwa mtu mwenye haki ya kujua, sijui kulinyamazia. Kwa hivyo nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani kwa mama yake mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kama mwalimu asiyesomea ualimu, na sikuwa na mahali pa kulala. Mwalimu mkuu, beji ya chama ikiwa kifuani kama ilivyokuwa kawaida ya siku hizo, aliniambia kuna mjane karibu na shule mwenye chumba kizuri na chakula kingi. Mjane huyo ndiye Mama Wambui. Chumba kilikuwa cha mwisho katika nyumba ndefu ya udongo. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya mbao isiyopigwa randa, na dirisha dogo lililotazama mahindi. Lakini kitu nilichokiona kwanza ni ukuta. Kuta za udongo nilizozijua zilikuwa nyekundu, zenye nyufa. Huu ulikuwa wa kijivu karibu na weusi, laini kama kibuyu, na ukisimama karibu uliona alama za kiganja kilivyopita, upinde juu ya upinde, kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Mama Wambui alisimama mlangoni akiningoja niseme neno. Nilisema ni kizuri. "Nimekikandika juu yako," akasema, "nikasikia mwalimu anakuja, nikasema hawezi lala kwa ukuta ya zamani. Na utalala, Mwalimu. Hapa kwetu hakuna kunguni."

Yeyote aliyelala katika nyumba ya udongo wakati ule anajua uzito wa maneno hayo. Kunguni walikaa ndani ya nyufa za ukuta mchana na kushuka taa ikizimwa. Nilikuwa nimefika na chupa ya mafuta ya taa ya kupaka kwenye kamba za kitanda, na sikuifungua hata mara moja. Siri haikuwa siri. Kijiji kile zamani kilikuwa shamba la mzungu, na mzungu alikuwa na dipu, lile handaki la saruji lenye maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe. Marehemu mume wa Mama Wambui, Mzee Karanja, ndiye aliyekuwa akilisimamia. Kila dipu lilipochafuka alilikausha, akachota matope ya chini yaliyojaa samadi, na kuyatupa kwenye shimo kando. Mama Wambui, wakati huo bibi arusi kijana katika kambi ya wafanyakazi, aligundua kwamba nzi wakitua pale hawaruki tena. Akachota karai moja, akajaribu ukuta wa nyumba yake. Kunguni wakaisha. Baada ya uhuru shamba lilinunuliwa na kampuni ya wananchi na kugawanywa, ng'ombe wakaanza kupelekwa dipu jingine la dawa ya kisasa, lakini lile shimo likabaki na matope yake. Kila Desemba, mahindi yakishavunwa na kabla ya Krismasi, kikundi cha wanawake kilikwenda nyumba kwa nyumba kukandika kuta kwa mikono mitupu. Mama Wambui ndiye aliyewafundisha. Hilo lilikuwa jina lake zuri katika kijiji, kama vile mwingine anavyojulikana kwa kuimba.

Jioni tulipukuchua mahindi jikoni, magunzi yakirundikana karibu na moto, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikichemka polepole. Mwenzetu wa kila jioni alikuwa jirani, Mama Kamau, mwanamke mwenye ulimi mkali na kicheko cha kutikisa mabega. Mwanawe Kamau alikuwa amemposa Wambui, kwa hivyo mama mtu alikuwa akiingia pale kama mtu anayekagua mali inayokaribia kuwa yake. Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, leta mkono." Akabonyeza kiganja changu. "Ngai! Huu ni mkono ama ni mandazi? Utaolewa na nani wewe?"

"Na mtu wa ofisi," Wambui akanijibia.

"Mtu wa ofisi hali? Nani atampukuchulia?" Akanivutia kwa Mama Wambui. "Shika huu sasa. Huu ndio mkono wa mwanamke."

Niliushika. Kiganja kizima kilikuwa na vinundu vidogo vigumu chini ya ngozi, kama mtu amepanda punje za mahindi mle zikakataa kuota. Aliweza kupukuchua hindi zima kwa kulizungusha mara moja, bila kuhisi lolote. Kisha Mama Kamau akachukua mkono wa Wambui, ambaye alikuwa msichana wa umri wangu, mchangamfu, mwenye pengo katikati ya meno ya mbele. Kwake punje zilikuwa zimeanza tu, ndogo kama mbegu za wimbi. "Unaona? Zinakuja," Mama Kamau akasema kwa furaha. "Huyu si wa kukaa. Huyu ni wa kazi." Wambui aliinamisha kichwa akitabasamu. Katika kijiji kile, mkono mgumu ulikuwa cheti. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mikono ya wanawake wa ng'ambo ya mto, ambao walilima mashamba kama yetu kwa majembe kama yetu, ilikuwa na sugu pale mpini unapogusa tu, na si kiganja chote hadi kwenye ncha za vidole.

Mvua ndefu ilipoanza, chumba changu kilianza kunuka kitunguu saumu. Si harufu kali. Ilikuja asubuhi ukuta ukiwa na unyevu na kuondoka jua likitoka. Nilidhani ni jikoni, ingawa Mama Wambui hakupika kwa kitunguu saumu. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma kwamba ukungu ukiota juu ya ukuta wenye aseniki hula sehemu ya sumu ile na kuitoa kama hewa, na kwamba hewa hiyo hunuka kitunguu saumu. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikasimama uwanjani bila sababu. Ilikuwa imenichukua muda mrefu kujua nilikuwa nikivuta nini asubuhi zile.

Kidonda kilitokea wakati wa palizi. Kilikuwa pembeni mwa kiganja cha kulia cha Mama Wambui, chini ya kidole kidogo, mahali ambapo punje moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Kwanza ilipasuka. Kisha ikawa kidonda chenye kingo zilizoinuka kama mdomo wa chungu. Alikipaka jivu, akakipaka mafuta ya kondoo, akakifunga kwa kitambaa cha kanga kuukuu na kuendelea kukamua. Kilikauka juu na kufunguka tena. Hakikumuuma sana, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, kwa sababu maumivu yangempeleka hospitali mapema. Nilianza kuwa na wasiwasi siku aliyokula ugali kwa mkono wa kushoto. Wambui aliona pia, akaacha kutafuna. Mama yake akasema, "Kuleni, kwani mnangoja niwalishe?" Jumamosi iliyofuata nilimwambia ninakwenda mjini kununua chaki na sitaki kwenda peke yangu. Alijua ninadanganya, akavaa viatu.

Kwenye hospitali ya mjini tulikaa kwenye benchi la mbao mchana wote, tukila viazi vya kuchemsha alivyokuwa amefunga kwenye karatasi. Aliyetuona alikuwa afisa wa kliniki, mtu wa kutoka pande za ziwa, ambaye kila mtu alimwita Daktari Ouma. Alifungua kitambaa, akakitazama kidonda, kisha akasema, "Mama, nionyeshe huu mkono mwingine."

"Huo hauna shida. Ni huu."

"Nionyeshe tu."

Alikipapasa kiganja cha kushoto kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayesoma gizani. "Toa viatu."

Mama Wambui akanigeukia. "Nimeleta mkono, huyu anataka miguu. Kesho ataitisha kichwa." Lakini akavua. Nyayo zilikuwa na punje zile zile. Daktari akamwita muuguzi, wakaangalia shingo na kifua chake, ambako ngozi ilikuwa na madoa meupe juu ya weusi uliozidi, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nimeyaona madoa hayo kila siku nikadhani ni umri.

"Unafanya kazi gani, Mama?"

"Kulima, kukamua, kupika. Mama wa shamba hufanya kazi gani ingine?"

"Unagusa dawa ya ng'ombe?"

"Aa, dipu yetu ilifungwa kitambo. Hatuna dawa. Tuko na matope tu."

"Matope gani?"

Basi akamweleza. Alieleza vizuri, kwa fahari, kama alivyokuwa akiwaeleza wanawake wageni: jinsi alivyowaona nzi, karai la kwanza, jinsi unavyochanganya na jivu kidogo yasipasuke, jinsi kunguni walivyohama. Aliongeza kwamba Daktari akitaka anaweza kumletea ya nyumbani kwake. Daktari Ouma alikuwa ameacha kuandika.

"Nani mwingine anakandika?"

"Sisi wote. Na msichana wangu, tangu akiwa hivi," akaonyesha urefu wa meza.

Nikaona fahari ikimtoka usoni kabla hajaambiwa neno. Alikuwa mwanamke mwerevu. Alirudisha mkono wake mapajani na kuufunika kwa ule mwingine. Daktari akasema, taratibu, "Wakati wa wazungu dawa ya kupe ilikuwa aseniki. Ni sumu. Haiozi, Mama. Ikitupwa kwenye shimo inakaa. Msichana yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Mlete Jumatatu."

Hapa nitasimama kidogo nieleze, kwa sababu hili ndilo watoto wa Wambui wanalolitaka, na sitaki walisikie kwa maneno ya kutisha wasiyoyaelewa. Aseniki huhesabiwa na watu wengi pamoja na metali nzito zenye sumu, kama risasi na zebaki, ingawa wanakemia wataniambia si metali kamili. Kinachotuhusu ni kwamba haiozi. Samadi huoza, majani huoza, hata dawa nyingi za kisasa huvunjika mwisho wake. Aseniki ikiwa ardhini leo itakuwa ardhini wajukuu wakizeeka. Inaingia mwilini kwa vumbi unalolivuta, kwa maji ya kisima, kwa mkono wenye matope unaoshika chakula. Mwili haujui adui huyo ni nani. Ini hujaribu kuibadilisha ipate kutoka kwa mkojo, na katika kubadilishwa huko mara nyingine huwa kali zaidi, kisha hukaa kibofuni ikingoja kutoka. Nyingine hujificha kwenye ngozi, nywele na kucha, kwa sababu hupenda kushikamana na vitu ambavyo ngozi imetengenezwa navyo.

Sasa saratani yenyewe. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu hivi. Kila seli ya mwili ina maagizo yake, na inapogawanyika lazima iyanakili, kama ninyi mnavyonakili kutoka ubaoni. Makosa hutokea kila siku. Jua huharibu herufi hapa, moshi pale. Lakini mwili una wasahihishaji wake wanaopita dawati kwa dawati, wakifuta kosa kabla halijanakiliwa na mwingine. Aseniki haivunji maagizo yenyewe sana. Inachofanya ni kuwachosha wasahihishaji, kuwafunga mikono, na wakati huo huo kuongeza fujo darasani. Makosa yanabaki. Mwenye kosa ananakiliwa na jirani yake, naye na mwingine. Kwa miaka mingi huoni kitu ila ngozi ngumu. Kisha seli moja inapoteza lile agizo linalosema "acha kukua sasa", na haina wa kuirekebisha. Hivyo ndivyo punje iliyosifiwa jikoni ilivyogeuka kuwa kidonda. Hakuna laana ndani yake wala uzembe.

Kipande cha kidonda kilikatwa na kupelekwa Nairobi, jibu likarudi ni saratani. Wakamkata vidole viwili vya mwisho na ukingo wa kiganja. Wambui alikaguliwa, akaambiwa punje zake bado ni punje tu, lakini asiguse tena yale matope, na akae akijiangalia maisha yake yote. Nakumbuka siku Mama Wambui aliporudi nyumbani, amekaa jikoni, bandeji nyeupe mno kwa jikoni ile. Wambui alikuwa nje akichota maji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo ni mimi nililetea watu hii kitu."

"Hukujua, Mama."

"Sikuuliza kama nilijua. Nimeuliza kama ni mimi."

Tangu jioni ile Mama Wambui alikuwa na jambo moja tu kichwani. Desemba ilikuwa inakuja. Desemba ile Wambui ndiye angeongoza kukandika, na baada ya nyumba yetu ingefuata ile mpya ambayo Kamau alikuwa amemjengea, maana ilikuwa desturi bibi arusi akandike kuta zake mwenyewe mbele ya mama mkwe. Mama Wambui alikuwa na miezi michache ya kumtoa mtoto wake kwenye lile shimo, na pamoja naye wanawake wote aliowaingiza yeye mwenyewe.

Daktari Ouma alikuja siku moja kwa baiskeli, akaliona shimo, akaenda kwa chifu kuomba baraza liitishwe na shimo lifunikwe. Nilikwenda naye, nikasimama nyuma. Chifu alimsikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Daktari, wewe ni mgeni hapa. Ukisimama kwa baraza useme udongo wa hawa watu una sumu, kesho itasemwa walinunua shamba mbaya. Keshokutwa itasemwa serikali iliwauzia. Hiyo ni siasa, na mimi sitaki siasa." Daktari akasema ni ugonjwa tu. "Hata ugonjwa," chifu akajibu, "unategemea nani anausema." Wakati ule hukuweza kukusanya watu bila ruhusa, hata kama ni kuwaambia waoshe mikono. Daktari akaondoka. Baada ya muda mfupi tulisikia amehamishiwa mbali, Moi's Bridge. Labda ni kazi ya kawaida, labda sivyo. Hatukujua, na hatukuuliza.

Lakini wanawake wa kukandika hawakuhitaji ruhusa ya chifu, walikuwa wakikusanyika wenyewe kila mwaka. Asubuhi ya siku yao walikuja wakiimba, makarai ya matope vichwani, ili waanzie kwa mwalimu wao kama kawaida na kisha waende kwa nyumba ya Kamau. Wambui alikuwa katikati yao, karai kichwani, leso mpya kiunoni. Alikuwa ametoka kimya alfajiri bila kumwambia mama yake. Mama Wambui alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango. Bandeji hakuwa nayo. Kilichobaki cha ule mkono kilikuwa juu ya goti, wazi.

"Mama Wambui, songa tufanye kazi," Mama Kamau akasema.

"Hapa leo hamkandiki na hiyo."

"Umepata ingine?"

"Ile nyekundu ya mtoni."

"Ya mtoni! Si ile ya kufuga kunguni?" Wanawake wakacheka. "Daktari wa Kisumu alikata vidole akakata na akili?"

Kicheko kikakatika. Hata yeye alijua amepita mpaka. Mama Wambui hakukasirika. Aliuinua ule mkono. "Mimi ndiye nilikufundisha, Mama Kamau. Ulikuwa umetoka Nyeri juzi, hujui kuchanganya. Nikashika mkono yako nikaiweka ndani. Sasa nakuambia itoe."

"Na mimi nimekandika kama wewe. Kidonda yangu iko wapi?" Akawageuzia wenzake viganja vyake. "Iko wapi?"

Lilikuwa swali halali, na nimeulizwa na wengi tangu hapo. Jibu ni kwamba sumu hii haigawi sawasawa. Mmoja mwili wake huitoa haraka, mwingine polepole. Mmoja hula vizuri, mwingine ana njaa. Mmoja alianza akiwa bibi arusi, mwingine akiwa mtoto. Asiyeugua hathibitishi kwamba aliyeugua amekosea. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa miaka kumi na tisa mwenye mikono ya mandazi, na nilipofungua mdomo Mama Kamau aliniambia, "Wewe nyamaza, hii ni ya wamama."

Kisha akasema maneno ambayo Wambui hakuwahi kuyasahau. "Msichana asiyeweza kukandika nyumba yangu, kwa nyumba yangu ataingia kufanya nini?"

Kila mtu akamtazama Wambui. Alikuwa anampenda yule Kamau. Nilijua, tulilala chumba kimoja mara nyingi na alinieleza zaidi ya nilivyotaka kusikia. Alikaa hivyo, shingo imekakamaa chini ya karai, maji ya matope yakimtiririka karibu na sikio. Mama yake hakumwita. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba hakumwita. Wambui akalishusha karai, akaliweka chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akaenda kwenye pipa la maji na kuanza kunawa. Alinawa hadi kwenye viwiko, akarudia, akarudia tena. Mama Kamau akasema kitu kwa Kikuyu, wanawake wakainua makarai yao wakaondoka. Hawakuimba tena, lakini walikwenda kukandika.

Kamau alioa msichana mwingine mwaka uliofuata. Lakini wiki ile ile sisi watatu tuliilowanisha nyumba yetu ili vumbi lisipae, kama Daktari alivyokuwa ametuelekeza, tukajifunga leso puani, tukabandua kuta zote na kuzika kifusi mbali na kisima. Tukakandika upya kwa udongo mwekundu, Mama Wambui akiongoza kutoka kwenye kigoda, akinilaumu kwa kila upinde niliopotosha. Kabla Desemba hiyo haijaisha, asubuhi moja aliniita kwa sauti nikadhani ameanguka. Alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, anaonyesha mkono wake kwa mkono ule mwingine. Alikuwa ameumwa. "Kunguni, Mwalimu," akasema. "Wambui, njoo uone, kuna kunguni!" Akacheka hadi akaketi. Tulicheka naye. Wakati huo uvimbe ulikuwa tayari kwapani, na alijua, na sisi tulijua. Alifariki mvua iliyofuata, mimi nikiwa nimehamishiwa shule nyingine.

Sasa kwa watoto wa Wambui. Mama yenu aliolewa Kimumu, akaishi katika nyumba ya mbao, akawazaa, akawalea, akawaona wajukuu. Saratani ya kibofu inaweza kuchelewa hivyo, miaka mingi baada ya mtu kuacha. Je, ilitoka kwenye matope? Hakuna daktari anayeweza kuapa kwa mtu mmoja. Mimi ninaamini ndiyo. Lakini msidhani basi siku ile kwenye pipa la maji ilikuwa bure. Kila mwaka bila sumu ni mwaka ambao wasahihishaji walipata nafasi ya kufanya kazi yao. Miaka ile yote mliyokuwa naye ilipatikana kwa kule kunawa kwake siku ile. Ninyi hamkulala kwenye kuta zile. Mimi nililala, mwaka mmoja, na kila mwaka ninakwenda kupimwa, bila aibu na bila hofu kubwa. Mkisikia mtu anachimba kisima popote karibu na lile duka la saruji, mwambieni apeleke maji yapimwe kwanza.

Baada ya mazishi tulipanga mstari kuwashika mikono wafiwa. Bibi kizee mmoja mwenye bakora alikuwa mbele yangu, akajikwaa, nikamshika mkono asianguke. Nilijua ni nani kabla hajageuka. Kiganja kilikuwa kigumu hadi kwenye ncha za vidole, na chini ya kidole gumba palikuwa na kitambaa kimefungwa.

"Mama Kamau," nikasema. "Hiki ni nini?"

"Ah, Mwalimu. Bado uko?" Akajaribu kuutoa mkono. "Ni jembe tu."

"Tangu lini?"

"Tangu... hata sijui. Inakauka, inafunguka." Alitazama kaburi, ambako vijana walikuwa wakimalizia udongo kwa koleo. Nilikuwa bado nimemshika.

"Jumatatu twende mjini, mimi na wewe. Waone mapema. Siku hizi wakiona mapema wanafanya mengi."

"Jumatatu niko na kazi."

"Kazi gani, Mama? Umri huo?"

Akacheka kidogo, mabega yale yale. Mstari ulisogea, watu wakatupita. Kisha akaegemeza bakora kwenye nyonga na kufungua kitambaa mwenyewe, akanionyesha.

"Utanipitia asubuhi?"

"Asubuhi."

"Basi usichelewe," akasema. "Nikingoja sana nitakataa."